Nasaba ya Sabini na Nne

Valdivia, wiki ya sita ya mradi, mvua haijapumua.
Kundi letu lina watu wanne na kivuko kimoja cha mbao
cha kuchora, kukokotoa, kisha kutetea mbele ya jopo,
kwa ajili ya kaya kumi na moja ng'ambo ya kijito cha Lefún
ambazo watoto wake huenda shule viatu mkononi.

Ni mimi niliyeiandika. Safu ya tatu, mstari wa tano:
mti wa koiwe, nguvu ya kupinda, megapaskali sabini na nne.
Niliipata mahali. Mahali pazuri, pana nembo na rangi za heshima.
Millaray akaikuta pengine, Lientur akaikuta pa tatu,
tukapeana mikono: mashahidi watatu, kesi imekwisha.
Lisemwalo lipo, tukasema,
tukasahau kwamba mwangwi nao husikika mara tatu
na mdomo ni mmoja.

Bi Eliana Oyarzo, mkutubi, hakututolea hotuba.
Alikuwa anakula tufaha, penseli sikioni.
Aliweka kidole juu ya namba yangu
kama daktari anayeuliza panauma wapi:
"Huyu mtoto wa nani?"
Nikamwonyesha ukurasa.
"Huyu ni mlezi. Mama yuko wapi?"

Basi tukaanza kupanda mto.
Ukurasa ulinukuu kijitabu cha wauza mbao,
kijitabu kilinukuu tasnifu ya mwaka tisini na sita,
tasnifu ikasema tu, "kama inavyofahamika".
Inafahamika na nani?
Millaray alicheka hadi akakohoa.
Joaquín, mwenye haraka zake, akaiuliza akili mnemba;
ikampa makala, juzuu, jina la mwandishi,
ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kwa adabu zote.
Juzuu tukalipata rafuni.
Lina kurasa mia moja na themanini.
Alilipekua mara mbili, akachungulia hata nyuma ya jalada,
kama mtu aliyealikwa karamu kwenye nyumba isiyojengwa.

Siku ya nne, ghala la chini, sanduku linanuka ukungu:
ripoti ya maabara, imepigwa taipu, kila herufi e imeziba wino.
Sabini na nne! Ipo! Niliruka.
Bi Eliana akanishika bega. "Soma mpaka chini."
Chini, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa:
vipande kumi na viwili, visivyo na fundo hata moja,
vimekaushwa hadi unyevu wa asilimia kumi na mbili.

Kumi na mbili.
Kule Lefún hata njiti ya kiberiti haijawahi kukauka hivyo.
Na jedwali la pili, lile ambalo hakuna aliyelinukuu,
lilikuwa la mbao mbichi: arobaini na nane.

Nilikaa kwenye ngazi za ghala.
Nikawaona wakivuka juu ya karatasi yangu,
viatu miguuni safari hii,
na boriti inainama kidogo kuliko ilivyoahidi.
Penye miti hapana wajenzi, sawa;
penye kurasa nako?

Wiki iliyofuata tukavunja boriti sita wenyewe,
mbao za kule kule, na mafundo yake, na maji yake.
Ya nne ilipasuka kwa mlio wa mlango wa kanisa.
Lientur akaandika tarehe, unyevu, fundo liko wapi,
nani alishika mtambo, na kwamba ya nne
tuliipanga upande, msiiamini sana.
"Yote hayo ya nini?" Joaquín aliuliza.
"Ya atakayetuuliza mama yake nani."

Jedwali sasa lina mistari michache na tanbihi ndefu.
Kisanduku kimoja bado ki wazi:
misumari itadumu miaka mingapi kwenye mvua hii.
Profesa hapendi visanduku vitupu.
Nimeandika, kwa mkono wangu: *hatujui bado*,
na maneno hayo mawili
yamenichukua muda kuliko jedwali zima.